pH ya akwariamu Goma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwa wafugaji wa samaki wa Kivu na Tanganyika

Ukurasa huu ni wa mtu wa Goma anayefuga nyumbani samaki wa mapambo wa maziwa yetu: wale wa mawe na wa makoa (maganda ya konokono) kutoka Tanganyika, au wale wadogo wa rangi kutoka Kivu. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya mwanzo hadi hali za pekee, na unaweza kusoma jibu moja tu bila mengine. Kama samaki wako wako juu ya maji wanahema sasa hivi, nenda swali la 16 kwanza, mengine utasoma baadaye.

## Misingi

1. pH ni nini, na samaki inawahusu nini?

pH ni kipimo cha jinsi maji yalivyo na asidi au alkali. Kinaanza 0 hadi 14, katikati ni 7. Chini ya 7 maji yana asidi, juu ya 7 yana alkali. Cha kukumbuka ni kwamba kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 8 kwenda 9 ni mabadiliko makubwa hata kama kwenye karatasi yanaonekana madogo.

Samaki anapitisha hewa na chumvi za mwili wake kwenye matamvua, na ngozi ya matamvua ni nyembamba sana. pH ikibadilika ghafla, kazi hiyo inavurugika: samaki anakimbia huku na huku, anajisugua kwenye mawe, anafunga mapezi, mwisho anaacha kula. Ikibadilika polepole, mwili unapata muda wa kuzoea. Ndiyo maana tangi linalokaa 8.5 mwezi mzima ni bora kuliko lile linalofika 9.0 leo na kushuka 8.2 kesho.

2. pH ipi inafaa samaki wangu?

Maji ya juu ya Tanganyika yako kati ya 8.6 na 9.2. Ya Kivu yako karibu na 9. Nyumbani, 8.4 hadi 9.0 inatosha kabisa kwa wote hao, mradi haichezi. Joto liwe kati ya 24 na 27 kwa samaki wa Tanganyika. Goma tuko kwenye mita karibu 1,500, usiku ni baridi, kwa hiyo kifaa cha kupasha maji kinahitajika hata kama mchana unaona joto.

3. Kwa nini wenye uzoefu wote wananiambia nipime KH kabla ya pH?

Kwa sababu pH ni matokeo, na KH ni mojawapo ya vyanzo vyake viwili. KH inaonyesha wingi wa bikabonati na kabonati zilizoyeyuka majini, zile zinazopambana na asidi. Ni akiba: kila asidi inayozaliwa tangini inakula kidogo. Akiba ikiwepo, pH haishtuki. Akiba ikiisha, pH inaanguka, na mara nyingi inaanguka usiku mmoja.

Asidi hiyo inatoka wapi? Inatoka kwa samaki wenyewe. Bakteria wa kwenye chujio wanapogeuza amonia kuwa nitrati wanatoa asidi, na kila gramu 1 ya nitrojeni ya amonia inakula akiba inayolingana na gramu 7 hivi za kalsiamu kabonati. Tangi lenye samaki wengi na chakula kingi linakula KH kila siku, hata maji yakionekana safi kama kioo.

Tanganyika yenyewe ina KH ya nyuzi kama 18 (hizi ni nyuzi za KH, si za joto). Nyumbani lenga 12 hadi 18. Chini ya 8 kwa samaki hawa, uko karibu na matatizo.

4. Chanzo cha pili ni kipi?

Hewa ya ukaa (CO2). Ikiyeyuka majini inakuwa asidi hafifu na kushusha pH. Kila CO2 ya majini inapoongezeka mara mbili, pH inashuka kwa takriban 0.3, bila KH kubadilika hata kidogo.

Kwa hiyo shika mambo mawili tu: KH ya kutosha, na maji yanayopata hewa safi. Maji yenye KH ya nyuzi 17 yakipigwa hewa safi ya nje usiku kucha yanafika karibu 8.9 yenyewe, bila dawa yoyote. Chupa za "kupandisha pH" zinazouzwa kwa bei ya juu hazikupi kitu ambacho bikabonati ya dukani na dirisha lililo wazi havikupi.

## Kupima

5. Nipime kwa kitu gani?

Matone ya rangi ndiyo yanayofaa zaidi kwa mtu wa nyumbani, kwa pH na kwa KH. Karatasi za kuchovya zinaonyesha mwelekeo tu, na zikikaa kwenye unyevu zinaharibika. Funga kopo lake vizuri.

Jihadhari na vipimo vya bwawa la kuogelea. Vingi vinatumia rangi nyekundu ya fenoli, ambayo inaishia karibu 8.2 hadi 8.4. Maji ya 9.0 yatakuonyesha rangi ileile ya mwisho, nawe utaandika 8.2 ukadhani kuna upungufu, uanze kuongeza dawa. Tafuta kipimo cha pH ya juu, kinachosoma kuanzia 7.4 hadi 9 hivi.

Kifaa cha umeme cha mfukoni ni kizuri kikisahihishwa. Tumia maji ya kusahihishia ya pH 7 na ya pH 10, si ya 7 na 4, kwa sababu tangi lako liko kati ya 7 na 10. Ncha yake isikauke, wala usiihifadhi ndani ya maji yaliyosafishwa kabisa. Ihifadhi kwenye maji maalumu ya kloridi ya potasiamu.

6. Asubuhi napata 8.3, jioni 8.7. Kifaa kimeharibika?

Hapana. Usiku mimea na mwani vinaacha kutumia CO2, na viumbe vyote tangini vinaendelea kuitoa. Mchana mwanga unawafanya mimea na mwani kuila tena, pH inapanda. Tofauti ya 0.2 hadi 0.4 kati ya alfajiri na jioni ni ya kawaida. Pima saa ileile kila mara, na uandike. Ukipima Jumatatu asubuhi na Ijumaa jioni, utadhani maji yamebadilika kumbe ni saa tu.

Tofauti ikizidi 0.5, angalia KH, kisha usome swali la 13.

## Maji ya Goma

7. Naweza kutumia maji ya Ziwa Kivu moja kwa moja?

Kwa samaki wa Kivu, ndiyo, ni maji yao. Kwa samaki wa Tanganyika, yachanganye nusu kwa nusu na maji ya mvua, na hapa tuna bahati ambayo wafugaji wa Ulaya wanainunua kwa vikopo vya chumvi.

Hesabu ni hii. Maji ya juu ya Kivu yana KH karibu mara mbili ya ile ya Tanganyika, nyuzi 34 hadi 36, na magnesiamu ya miligramu kama 85 kwa lita. Tanganyika ina KH ya nyuzi kama 18 na magnesiamu kidogo juu ya miligramu 40. Chukua bidoni moja ya maji ya ziwa na bidoni moja ya mvua safi: KH inakuja 17 au 18, magnesiamu 42 hivi. Si bahati nasibu. Kivu inamwagika Bukavu kupitia Ruzizi, na Ruzizi inaingia Tanganyika karibu na Uvira. Chumvi nyingi za Tanganyika zilishuka kwa njia hiyo, zikapunguzwa na mvua na mito mingine. Ukichanganya bidoni mbili nyumbani Himbi, unafanya kwa dakika tano kile ambacho mto umekifanya kwa maelfu ya miaka.

Mambo ya kuzingatia:

Maji yachotwe mbali na mahali watu wanapofua, wanapoosha magari, au mifereji inapoingia. Mwenye mtumbwi akikuchotea mita mia kadhaa kutoka ufukoni ni bora zaidi. Bidoni ziwe za maji tu. Bidoni iliyobeba mafuta ya taa au sabuni haifai hata ukiiosha mara kumi, na hizi zinazokuja kwa chukudu huwezi kujua jana zilibeba nini, kwa hiyo tenga zako na uziwekee alama.

Yaache yatulie siku nzima, mimina sehemu ya juu, acha tope chini, kisha yapige hewa usiku mmoja kabla ya kupima. Na usinyonye mpira kwa mdomo ili kuyaanzisha. Goma inajua kipindupindu vizuri mno kuanzia 1994. Jaza mpira maji kwenye bomba kwanza, ziba ncha kwa kidole, halafu ushushe.

8. Ziwa lina gesi nyingi chini. Haitaua samaki wangu?

Gesi hiyo, CO2 ya kilomita za ujazo karibu 300 na methani karibu 60, imefungwa kwenye maji ya kilindini, yaliyo mazito kwa sababu ya chumvi. Maji ya juu, ambayo upepo wa kiangazi unayakoroga hadi mita kama 60, yanabadilishana hewa na anga kama ziwa lingine lolote. Bidoni ya ufukoni haina gesi hiyo.

9. Maji ya mvua yana shida gani?

Yana shida mbili, na zote zina tiba.

Ya kwanza: hayana KH. Mvua safi ina pH kama 5.6 kwa sababu ya CO2 ya angani tu, na ile inayopita kwenye moshi wa volkano zetu, Nyiragongo au Nyamulagira, inabeba asidi zaidi pamoja na floridi. Ukijaza tangi kwa mvua peke yake, pH itaanguka. Ukiichanganya na maji ya ziwa (swali la 7) au ukiiongezea bikabonati (swali la 12), asidi hiyo inakwisha nguvu. Floridi haiondoki kwa bikabonati, kwa hiyo siku ambazo moshi umeelekea upande wenu na majivu yameanguka, usikinge.

Ya pili: mabati. Maji yenye asidi yanayeyusha zinki ya mabati, na zinki ni sumu kwa samaki, hasa pale maji yanapokuwa hayana KH wala magnesiamu. Acha dakika kumi na tano za kwanza za mvua zioshe paa, ndipo ukinge. Pipa liwe la plastiki. Maji yaliyolala wiki kadhaa kwenye pipa la bati usiyatumie kwa samaki, hata kama ndiyo unayofulia.

10. Na maji ya bomba?

Yapime mwenyewe, kwa sababu yanatofautiana na mtaa na msimu. Tatizo lake kubwa kwa samaki ni klorini, siyo pH. Yapige hewa saa 24 hadi 48 ndani ya pipa lililo wazi, au tumia tiosalfeti ya sodiamu. Kisha pima KH. Mara nyingi utahitaji kuipandisha.

Weka daima akiba ya angalau robo ya ujazo wa tangi kwenye mapipa. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 mabomba yaliharibika na mitaa mingi ilikaa bila maji. Mtu aliye na lita 60 zilizotulia kando ana nafasi ya kufikiri.

11. Mawe ya lava yatapandisha pH?

Hayatapandisha kwa kiasi cha kupimika. Lava ya Nyiragongo haina kabonati. Ukitaka kuhakikisha jiwe lolote, lidondoshee siki kali: likitoa povu lina kabonati, lisipotoa halina. Jiwe la lava litakaa kimya.

Lakini usiyadharau. Yana matundu mengi, na ndani ya matundu hayo bakteria wa chujio wanaishi kwa wingi. Kwangu mimi hakuna kitu kizuri zaidi cha kujaza kwenye chujio katika mji huu, na kiko bure nje ya mlango. Yasugue, yachemshe, suuza vumbi jeusi mpaka maji yatoke safi, na uchague yasiyo na ncha za kukata, kwa sababu samaki wa mawe wakifukuzana wanajichana.

## Kupandisha, kushusha, kuacha

12. Bikabonati ya soda niweke kiasi gani?

Gramu 3 katika lita 100 zinapandisha KH kwa nyuzi 1. Kijiko kidogo cha chai kina gramu kama 5, kwa hiyo kijiko kimoja kwenye lita 50 kinapandisha nyuzi 3 na kidogo.

Iyeyushe kwanza kwenye jagi la maji ya tangi, kisha imimine polepole mahali maji yanapotoka kwenye chujio. Tangi lenye samaki lisipande zaidi ya nyuzi 2 kwa siku. Kama KH ni 5 na unataka 15, chukua siku tano au zaidi. Haraka ndiyo inayoua.

Hakikisha ni bikabonati tupu, ile ya farmasi au ya duka la vyakula. Unga wa kuumulia keki wa vipakiti si kitu hichohicho, umechanganywa na asidi na wanga. Na magadi usiyaweke bila kujua unachofanya: yanapandisha pH kwa kasi kuliko bikabonati, na hayana kipimo cha kuaminika kwa sababu usafi wake unabadilika.

13. KH yangu ni 16, lakini pH haivuki 8.2. Niongeze nini?

Usiongeze kitu. Kwa KH hiyo maji yangepaswa kuwa karibu 8.8. Kinachokosekana ni hewa safi, maana yake maji yana CO2 ya ziada.

Hii ndiyo shida ya kawaida kabisa Goma, na inatoka jikoni. Hewa ya nje ina CO2 ya sehemu kidogo zaidi ya 420 kwa milioni. Chumba kilichofungwa usiku, watu watano wamelala, kinapita 1,500 kwa urahisi. Weka na mbabula (jiko) ya makala, yaani makaa, ndani au kwenye veranda yenye mlango wazi, inapanda zaidi. Pampu ya hewa inavuta hewa hiyohiyo ya chumbani na kuisukuma majini. Unadhani unasafisha maji, kumbe unayalisha CO2. CO2 ya 1,500 badala ya 420 inashusha pH kwa zaidi ya 0.5, na hiyo ndiyo tofauti yako.

Jaribio la kuthibitisha halina gharama. Teka jagi la maji ya tangi, pima pH. Lipeleke nje, mbali na moshi, ulipige hewa kwa saa moja au mbili. Huna pampu ya pili, mimina kutoka jagi hadi jagi mara nyingi. Pima tena. Ikipanda kwa 0.2 au zaidi, tatizo ni hewa ya nyumba. Isipopanda, rudia kipimo cha KH, huenda kilikosewa.

Tiba: fungua dirisha, na refusha mpira wa pampu ili uvute hewa kutoka nje. Pampu ikae juu kuliko usawa wa maji, la sivyo umeme ukikatika maji yatarudi kupitia mpira hadi sakafuni. Mbabula itoke nje kabisa, na hili nalisema kwa ajili ya watoto kabla ya samaki: makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa monoksidi ya kaboni, haina harufu, na inaua watu usingizini.

14. Makoa, marumaru, chokaa ya kujengea: vipi vinafaa?

Makoa matupu ya konokono Neothauma kutoka Tanganyika ni mazuri, samaki wa makoa wanalala na kuzaa ndani yake. Vipande vya marumaru pia ni salama. Lakini vyote hivi ni kalsiamu kabonati, ambayo inayeyuka vizuri maji yakiwa na asidi na karibu inaacha kuyeyuka pH ikipita 8. Vitakuzuia usianguke chini sana, havitakufikisha 8.8.

Chokaa ya kujengea usiiweke tangini. Maji ya chokaa iliyokolea yana pH juu ya 12, na kijiko kimoja kikimwagika kinaunguza matamvua ya samaki wote. Kuta mpya za saruji zina tatizo hilohilo: bwawa dogo la saruji lijazwe na kumwagwa mara kadhaa, kwa wiki, mpaka pH ya maji yaliyolala humo ikome kupanda.

15. pH imefika 9.3. Niweke siki au ndimu ishuke?

Hapana. Asidi ya siki au ndimu inakula KH, pH inashuka kwa saa chache, bakteria wanaila asidi, pH inarudi, samaki wamepanda na kushuka bure. Badilisha asilimia 15 ya maji kwa maji yenye KH ndogo zaidi, rudia baada ya siku mbili. Pima pia amonia, kwa sababu iliyoelezwa swali la 17. Vipande vya mti na majani makavu havitakusaidia kwenye maji yenye KH ya 17, vitabadilisha rangi tu.

## Dharura na hali za pekee

16. Umeme umekatika tangu jioni, samaki wanahema juu. Nifanye nini?

Oksijeni ndiyo inayokwisha. pH inashuka pia kwa sababu CO2 haitoki, lakini hiyo itarudi yenyewe. Usiweke bikabonati wala dawa. Kwenye urefu wetu shinikizo la hewa ni kama asilimia 84 ya lile la pwani, hivyo maji ya nyuzi joto 25 yanashika miligramu karibu 7 tu za oksijeni kwa lita badala ya 8 na zaidi. Tunaanza na kidogo kuliko wenzetu wa pwani.

Chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka juu, kwa kimo cha mkono, dakika kumi kila nusu saa. Ondoa kifuniko. Usiwalishe. Zungushia tangi blanketi pembeni, juu pakiwa wazi, kwa sababu ya baridi. Chujio likikaa zaidi ya saa kadhaa bila maji kupita, toa vilivyomo uvisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha, la sivyo litasukuma uozo wote tangini.

Kwa siku zijazo: pampu ndogo ya hewa ya betri, inayochajiwa kwa sola, ndiyo matumizi ya kwanza ya pesa yako. Kabla ya taa za rangi, kabla ya samaki wa pili.

17. Kwa nini amonia inatisha zaidi kwenye pH ya juu?

Amonia iko majini kwa sura mbili, moja haina madhara makubwa, nyingine ni sumu, na pH ndiyo inayoamua kiasi cha kila moja. Kwenye nyuzi joto 25, sura ya sumu ni asilimia 0.6 pH ikiwa 7, asilimia 5 pH ikiwa 8, na asilimia 36 pH ikiwa 9. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa maji laini anavumilia kinamuua wa Tanganyika. Usiweke samaki kwenye tangi jipya kabla chujio halijakomaa, na usilishe zaidi ya wanachomaliza kwa dakika mbili.

18. Tangi langu limekaa mwaka bila kubadilishwa maji, samaki wazima. Nilipobadilisha nusu, wakafa. Kwa nini?

KH ilikwisha polepole, pH ikashuka chini ya 6.5, bakteria wakapunguza kazi, amonia ikarundikana. Kwenye pH hiyo ilikuwa katika sura isiyo ya sumu. Ulipomimina maji mapya ya 8.5, sehemu yake ikageuka sumu ndani ya dakika.

Tangi la namna hiyo lirudishwe kwa hatua: asilimia 5 hadi 10 ya maji kwa siku, ukipima amonia kila mara, chakula kidogo mno, wiki mbili hadi tatu.

19. Samaki wangu wanatoka Uvira, wanafika wakiwa kwenye mfuko saa nyingi. Niwazoeze kwa matone?

Kutoka Uvira hadi Bukavu kwa gari, kisha kwa boti hadi Goma, ni safari ndefu kwa mfuko uliofungwa. Ndani yake CO2 inapanda, pH inashuka, na amonia inakaa katika sura isiyo ya sumu. Ukifungua mfuko, CO2 inatoka, pH inapanda, amonia inageuka. Kudondosha maji kwa saa mbili katika mfuko uliofunguliwa ni kuwaacha ndani ya sumu.

Elelezea mfuko uliofungwa tangini nusu saa ili joto lilingane. Fungua, toa samaki kwa wavu mara moja, waingie tangini, maji ya mfuko mwaga nje. Zima taa mpaka kesho. Hii inafaa kama KH ya tangi inakaribia ile walikotoka. Ndiyo sababu maji ya swali la 7 yaandaliwe kabla hujapiga simu kuagiza.

20. Nyumba yetu iko karibu na mazuku. Kuna uhusiano?

Upo, na ni wa hatari. Mazuku ni CO2 inayotoka ardhini na kutulia mabondeni kwa sababu ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Ikiingia nyumbani inalala sakafuni, mahali ambapo watu wengi huweka pampu. Ukiona pH inashuka ghafla alfajiri zisizo na upepo, KH ikiwa nzuri na hakuna mbabula, usitafute dawa ya samaki. Ondoa watoto na wanyama wanaolala chini, fungua milango, na muulize mtaalamu wa Observatoire Volcanologique de Goma.

21. Naweza kufuga sambaza?

Hapana. Ni samaki wa maji mapana, wa kundi kubwa, magamba yanatoka ukimgusa tu, na hufa muda mfupi baada ya kutolewa ziwani. Tilapia mdogo anaishi vizuri kwenye maji haya, ila anakua. Gapi pia wanapenda maji magumu. Neoni na samaki wengine wa Amazon wanahitaji maji laini yenye asidi kidogo, kwa hiyo wasikae tangi moja na wa Tanganyika.

22. Na matumbawe ya bahari, yanawezekana Goma?

Yanawezekana, kwa gharama. Kanuni ni zilezile za swali la 3 na la 4, namba ndizo zinazobadilika: pH 7.8 hadi 8.4, KH 7 hadi 11, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji. Chumvi ni ile maalumu ya bahari inayoyeyushwa kwenye maji yaliyosafishwa. Chumvi ya mezani haifai, na maji ya Kivu hayana nafasi hapa.

Kosa la kwanza la pH kwenye tangi la matumbawe ni lile la swali la 13. Vuta hewa ya kifaa cha kutoa povu kutoka nje, na washa taa ya sehemu ya mwani usiku wakati taa kuu imezimwa, ili mwani ule CO2 saa ambazo pH ingeshuka. Hapa maji ya chokaa yana kazi: kalsiamu hidroksidi safi ya kiwango cha chakula, pH yake kama 12.4, inadondoshwa tone kwa tone usiku kufidia maji yaliyovukizwa, kamwe isimiminwe. Matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, hivyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali, na muuzaji asiyekionyesha usinunue kwake.